“Hizi Dini Haziwezi Kukaa Pamoja”: Dhana Potofu Zinazovuka Nasi Kutoka Mokowe hadi Amu

Boti ya kutoka Mokowe, upande wa bara, kwenda Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, haina kiti cha peke yako. Unabanana na mwenye gunia la kunde kutoka Mpeketoni, mwalimu aliyehamishiwa visiwani, mama wa Kibajuni na ndoo tupu ya samaki aliokwisha kuuza. Safari ni fupi, ila maneno hayakosi. Siku moja kijana alikuwa akisoma simu kwa sauti, habari za shambulio barabarani, akamaliza kwa kutikisa kichwa: “Hizi dini haziwezi kukaa pamoja.” Hakuna aliyemjibu. Mwenye kunde aliangalia maji. Mama akapanga mtandio wake.

Mimi nimezaliwa Malindi nikaolewa Amu, na maneno hayo nimeyasikia kwa lahaja zote. Huja na jamaa zake, dhana nyingine zinazofanana nayo. Nimezikusanya hapa zile ninazokutana nazo mara kwa mara, kila moja na ukweli wake ninavyoujua.

Dhana: Uadui ulianza na Mreno na haujaisha

Wanaoipenda dhana hii huanzia kwa Vasco da Gama, kana kwamba mwaka 1498 msalaba ulishuka ufukweni na siku hiyohiyo panga likachomolewa alani. Ukweli una aibu kidogo kwetu sisi wa Malindi. Mreno yule alitoka Mombasa, ambako walishukiana na kuachana kwa ubaya, akafika Malindi mwezi Aprili na kupokewa kama mgeni wa harusi. Sultani wa Malindi, Mwislamu, alimpa vyakula na rubani wa kumvusha hadi India. Malindi na Mombasa ilikuwa miji miwili ya Waislamu iliyohasimiana kwa ajili ya biashara, na Malindi ikaona mgeni mwenye mizinga anafaa kuwa rafiki. Urafiki huo ulidumu karibu karne nzima. Mombasa ilipovunjwa nguvu, Wareno walimtoa mtawala wa Malindi wakamkalisha huko, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu (Fort Jesus).

Kanisa dogo la Wareno bado lipo Malindi, na makaburi yake. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari aliyekuwa njiani kwenda India, alishuka pale kuzika baharia. Baadaye aliandika kwamba mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima, alimuuliza kama Wakristo kwao wana bidii ya ibada, maana kwake mjini kulikuwa na misikiti 17 na yenye watu ilibaki mitatu tu. Hebu mfikirie mzee huyo. Amekutana na padri wa dini ngeni, na kinachomkera si padri bali ni vijana wake wasiokuja kuswali. Imamu yeyote wa leo angeshika shavu akasema, “Ndiyo hayahaya.”

Mtu atasema: na 1631 je? Ni kweli. Agosti mwaka huo Yusuf bin Hasan, wa ukoo uleule wa Malindi, alimchoma kisu kapteni wa Ngome ya Yesu na kuwaua Wakristo wengi wa Mombasa, wakiwemo Waafrika waliobatizwa. Lakini tazama alikotoka. Baba yake, sultani, aligombana na kapteni wa Kireno akauawa kwa hila zao. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa Jerónimo, akalelewa na watawa na kuozwa mke Mkristo, kisha akarudishwa kutawala huku makapteni wakimdharau. Aliporudi kwenye Uislamu alirudi pia kwenye kisasi cha baba yake. Ukiuliza kama hayo yalikuwa ya dini au ya damu ya mzazi, nitakujibu kwamba kwa wakati ule hata yeye mwenyewe asingeweza kukutenganishia. Walioyalipa, hata hivyo, ni watu ambao hawakumgusa baba yake.

Dhana: Mpeketoni ilikuwa vita vya dini. Na pacha wake: Mpeketoni dini haikuwamo hata chembe

Naziweka pamoja kwa sababu watu hutupiana moja kwa nyingine kama mpira.

Jumapili usiku, tarehe 15 Juni 2014, watu wa Mpeketoni, mji wa Lamu upande wa bara, walikuwa wakitazama Kombe la Dunia. Watu wenye bunduki waliingia, wakachoma hoteli na magari, wakawauliza wanaume dini zao na kuwaua wale ambao jibu lao halikuwa walilolitaka. Usiku wa pili wakahamia vijiji vya jirani. Kwa siku hizo mbili waliouawa walizidi 60. Tarehe 5 Julai ikawa zamu ya kituo cha Hindi hapa Lamu, na Gamba upande wa Tana River.

Al-Shabaab walikiri mara moja. Rais Uhuru Kenyatta naye akatangaza kwamba si wao, ni mitandao ya kisiasa ya hapahapa iliyolenga jamii moja. Gavana wa Lamu, Issa Timamy, akakamatwa mwezi huohuo, kisha mashtaka yakafutwa kwa kukosa ushahidi. Basi nchi ikagawanyika: huku “magaidi wa dini”, kule “siasa na ardhi”, kila upande na hasira zake.

Lakini sikiliza walichosema wauaji wenyewe. Walitoa sababu kwa pumzi moja: majeshi ya Kenya yako Somalia, masheikh wameuawa, na Mpeketoni ni ardhi ya Waislamu iliyovamiwa na walowezi Wakristo. Sababu ya tatu ni kesi ya shamba iliyovalishwa vazi la dini. Wao si watu wa Mpeketoni wala hawakuwa na heka moja ya kudai pale. Waliikuta kesi ya zamani imelala wazi, wakaiokota.

Na kesi yenyewe inahitaji kusimuliwa taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini.

Ukanda wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hata Mwingereza alipousimamia kuanzia 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hatimiliki: mwenye dai alete ushahidi wake, na ardhi ambayo haikuthibitishwa kuwa ya mtu ikawa ya Taji la Uingereza. Kwa mkulima wa Kibajuni aliyekuwa akifyeka bara kwa msimu, akirudi kisiwani kwa mashua, ushahidi ulikuwa mti wa mwembe na kumbukumbu ya babu. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Taji ikawa ya serikali. Mwembe haukuwa na sauti.

Halafu ikaja vita ya Shifta, uasi wa waliotaka kaskazini-mashariki mwa Kenya iungane na Somalia, 1963 hadi 1967. Vijiji vya Wabajuni vya upande wa Kiunga vikahamwa. Watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Miaka michache tu baadaye, mapema miaka ya 1970, serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, kwa msaada wa Wajerumani, na wengi waliogawiwa mashamba walikuwa Wakikuyu kutoka bara.

Hapa nami nasimama kidogo, maana barazani Amu hadithi hii husimuliwa kana kwamba walowezi walikuja na matarumbeta. Walikuja maskini, wasio na ardhi kwao. Walikuta msitu, malaria na nyati. Tuna methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Hawa walikuja na jembe lao, na watoto waliozaliwa pale hawana kwingine pa kupaita kwao. Kosa lao ni lipi? Kupokea walichopewa na serikali. Na Mbajuni ana kosa gani kuuliza kwa nini jirani ana hati na yeye, ambaye kaburi la babu yake liko kule, hana?

Tazama sasa kilichotokea. Mstari wa ardhi, mwenye hati na asiye nayo, umelaliana na mstari wa kabila, wa bara na wa pwani. Na huo umelaliana na mstari wa dini. Mistari mitatu, moja juu ya nyingine, mpaka ukiiangalia kwa mbali unaona mmoja mnene. Ukiupa jina la dini hujakosea kabisa, lakini hujaona iliyo chini.

Nipe nafasi nitoe mfano wa jirani. Mwaka 2012, saa chache kwa barabara kutoka Lamu, Waorma na Wapokomo waliuana katika delta ya Mto Tana. Alfajiri moja ya Agosti, kijiji cha Riketa peke yake kilizika watu zaidi ya 50. Waorma ni Waislamu. Wapokomo wa mto wa chini wengi ni Wakristo, ingawa Waislamu wamo. Je, ulisikia mtu akiyaita mauaji yale vita vya dini? Watu walisema malisho, maji, mashamba ya mtoni, uchaguzi unaokuja. Mbona hapa hatukulitumia jina lile? Kwa sababu kila mtu alijua ng’ombe alikuwa anakwenda kunywa wapi. Dini huwa jibu letu la haraka pale tusipoijua historia ya mahali.

Na wanaosema dini haikuwamo kabisa? Hao nawaomba wasiende kumwambia hivyo mjane wa Mpeketoni. Mumewe hakuulizwa nambari ya ploti, aliulizwa shahada ya imani ya Kiislamu. Waliomuua wana itikadi inayowahesabu wengine kuwa halali kuuawa, na itikadi hiyo hufundishwa kwa aya zilizokatwa vichwa na miguu. Masheikh wengi wa Lamu waliipinga hadharani. Kuificha ili tuonekane wema hakumsaidii Mwislamu yeyote.

Jambo moja zaidi, halafu niiache Mpeketoni. Mwisho wa Julai 2014, mwezi mmoja na nusu baada ya mauaji, serikali ilitangaza kufuta hati za ekari 500,000 za Lamu zilizogawiwa kampuni 22 kati ya 2011 na 2012, wakati mradi wa bandari wa LAPSSET unazinduliwa. Nusu milioni! Mbajuni na Mkikuyu walikuwa wakitazamana kwa jicho baya juu ya vipande vya ekari chache, na nyuma yao wapo wasiokwenda msikitini wala kanisani, kwa sababu kampuni haina dini.

Dhana: Al-Shabaab wanawapigania Waislamu

Tarehe 14 Oktoba 2017 lori la mabomu lililipuka katika njia panda ya Mogadishu na kuua watu zaidi ya 500. Karibu wote Waislamu, katika nchi ya Waislamu. Kwangu mimi hesabu hiyo peke yake inatosha, lakini kwa kuwa tunazungumza juu ya Lamu, nitaongeza ya Lamu.

Mwaka huohuo wa 2017, mwezi wa Julai, walivamia Pandanguo, kijiji cha Waboni, ambao ni Waislamu, na wanakijiji wakakimbia makwao. Siku chache baadaye walimteka njiani, pale Milihoi, Mariam El Maawy, katibu wa wizara na binti wa Lamu. Aliokolewa akiwa na majeraha ya risasi, akafariki Septemba hospitalini Afrika Kusini. Alikuwa Mwislamu.

Na kule Mandera, Desemba 2015, walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika kukataa huko, akafa Januari iliyofuata. Ukimtaja sehemu nyingi utasikia, “Alikuwa shujaa.” Sawa. Ila basi zima lilikataa, na hilo ndilo linaloniambia zaidi.

Dhana: Mahakama za kadhi ni mlango wa nyuma wa Sharia

Hii huamka kila panapotajwa katiba, na mwaka 2010 ilipigiwa kelele sana. Nitapita haraka. Kadhi yupo kwenye sheria za Kenya tangu uhuru, kwa makubaliano ya Oktoba 1963 ukanda wa Pwani ulipoachiwa Kenya. Ibara ya 170 ya katiba inamruhusu kusikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya dola. Mkristo hawezi kuburutwa kwa kadhi hata akipenda.

Dhana: Ni umasikini na madrasa

Kilifi imejaa maskini. Mbona hawajilipui? Mmoja wa washambuliaji wa Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, walipouawa watu 148, alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake ni chifu. Na madrasa ninazozijua za Langoni zinafundisha watoto kusoma herufi na kumwamkia jirani. Zinachosha kwa sauti alfajiri, basi.

Ninachokiona kina nguvu kuliko umasikini ni kudhulumiwa pasipo pa kwenda kushtaki. Aboud Rogo, mzaliwa wa Lamu, alikuwa mhubiri wa maneno makali, na mengi ya maneno yake sikuyakubali. Tarehe 27 Agosti 2012 alipigwa risasi akiwa garini na mkewe, Mombasa, na vijana wakachoma na kuvunja makanisa. Kanisa halikumpiga risasi. Wao waliamini ni dola iliyofanya hivyo, na jiwe likaangukia kanisani kwa kuwa kanisa lilikuwa karibu na halina bunduki. Kwao kanisa, polisi na mtu wa bara vilikuwa sura moja. Upande wa pili makosa yaleyale: baada ya kila shambulio, kijana mwenye kanzu na ndevu anakuwa mshukiwa kabla hajafungua mdomo.

Hapa Lamu adhabu iliingia baharini pia. Baada ya mauaji ya 2014 ikaja amri ya kutotoka nje usiku, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Muulize mvuvi wa jarife samaki wake hushikwa saa ngapi. Mkristo wa Mpeketoni amefiwa, Mwislamu wa Kizingitini amenyang’anywa usiku wake, na kila mmoja anaambiwa kwamba anayemuumiza ni mwenzake.

Dhana: Ukiwaweka pamoja lazima watachomana

Njoo kwetu Malindi, na hasa vijijini kwa Wagiriama. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na watoto saba: watatu wa kanisani, watatu wa msikitini, na mmoja aliyeshika mila za kaya, dini ya jadi ya Wagiriama, mpaka kufa kwake. Jina la ukoo moja. Mjomba Mwislamu na mjomba Mkristo walifanana mpaka vipara.

Ugomvi ulikuwepo, usidhani nawapambia. Nyanya alipofariki walizozana kweli: wa msikitini walitaka azikwe siku hiyohiyo, wa kanisani walitaka asubiri mochwari mpaka watoto wa Nairobi wafike. Walipigiana kelele usiku kucha, akazikwa siku ya tatu, na mjomba mmoja alinuna mwaka mzima. Lakini hakuna aliyeshika kiberiti. Utamchoma nani, ndugu yako wa tumbo moja? Huku mistari haijalaliana. Wa dini ile na hii wanagombea shamba moja la minazi kama warithi, wanadaiwa na duka moja, wanatishwa na mwenye hati mmoja asiyeonekana. Uskwota wa Malindi hauulizi mtu anaswali wapi.

Na katika sherehe, tangu sijazaliwa, kisu kinapewa Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Kitu kidogo hicho. Lakini Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, Tanzania, mzozo wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Kisu kilekile. Kwetu ni adabu ya nyumbani, anayechinja ni shemeji au binamu. Kule kilikuwa kimekwisha kuingia buchani na kwenye siasa za nani ana haki zaidi mbele ya serikali.

Tena, maafa makubwa kuliko yote yaliyohusishwa na dini kwetu hayakuwa ya Mwislamu na Mkristo. Kuanzia Aprili 2023 msitu wa Shakahola, nje ya Malindi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400, watu wa kanisa moja, wengi wakisemekana walifunga kula mpaka kufa. Kesi iliingia mahakamani. Waliokwenda kuwaokoa na kuwasaka jamaa zao walikuwamo wa dini zote, na wengine walikuwa ndugu waliogawanyika kama wajomba zangu.

Dhana: Sheikh na askofu wakishikana mikono, yamekwisha

Siwadharau. Baraza la viongozi wa dini mbalimbali la Pwani lilizaliwa baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, nayo yalikuwa ya siasa na ya wapwani kuwafukuza watu wa bara, na limezima moto mwingi usioandikwa magazetini. Wanaweza kuzuia uvumi. Wanaweza kwenda pamoja matangani. Hawawezi kutoa hati ya shamba.

Ile siku ya boti, tulipokuwa tunaikaribia gati ya Amu, yule mama wa ndoo alimgeukia mwenye kunde.

“Baba, hizo kunde ni za shamba lako?”

“La marehemu mzee wangu, mama. Bado nafuatilia hati. Mwaka wa tisa sasa, kila nikienda naambiwa faili halionekani.”

“Una nambari ya ploti?”

“Ninayo.”

“Basi wewe una kitu,” akasema mama, akishika ndoo yake asimame. “Sisi tulikuwa na shamba upande wa Kiunga. Hata nambari hatukupewa.”

Akamuuliza kibaba ni bei gani, wakaanza kupatana.